Mbegu Kuukuu: Zimekufa au Zimelala?



Mvua ndefu zikikaribia mwezi wa Machi, kila mmoja wetu huteremsha kibuyu chake cha mbegu. Tunapanda, tunangoja, wiki mbili zinapita, kitalu kitupu. Basi tunasema, "Mbegu ya zamani hiyo, tupa!" Pesa ya kikundi inatoka tena, na mboga inachelewa wakati ule ule mahindi ya ghalani yanaisha.

Katika Injili mpanzi alisumbuliwa na ndege, mawe na miiba. Sisi taabu yetu nyingine huanzia ndani ya kibuyu, maana mbegu isiyoota si lazima iwe imekufa.

Tuchukue mrenda, ile murere yetu. Mbegu yake ina ganda gumu lisilopitisha maji, kwa hiyo hukaa udongoni imelala tu. Dawa ni maji moto. Fungeni mbegu katika kitambaa chepesi, chemsheni maji, tumbukizeni kifurushi, hesabuni polepole mpaka kumi, toeni. Sekunde 10 tu jamani, huu si ugali! Mkizidisha mtaua kiini. Zitandazeni kivulini zipoe na kukauka. Kesho yake zichanganyeni na mchanga mkavu, kwa kuwa ni ndogo sana, mpande kwa mistari na kufunika kwa udongo kidogo.

Saga, yaani tsisaka, ina tabia yake. Iliyovunwa juzi hukataa kuota. Ikipumzishwa miezi mitatu au zaidi huota vizuri. Hapa basi ya msimu uliopita ndiyo bora, na maji moto haihitaji.

Kitunguu ni kinyume kabisa. Mbegu yake huisha nguvu upesi, na kiini kikishakufa hakuna maji ya kukifufua.

Mtajuaje? Jaribuni mwezi wa Februari, kabla hata ya kulima kitalu. Hesabuni mbegu 20 (za mrenda ziwe zimeshapita maji moto), mzikunje ndani ya kitambaa chenye unyevu, muweke kwenye sahani iliyofunikwa, mahali penye joto jikoni lakini mbali na moto. Kitambaa kisikauke, wala kisiogelee. Siku ya kumi hesabuni. Zikiota 16 au zaidi, pandeni kama kawaida. Zikiota 10, pandeni mara mbili ya kipimo. Zikiota 4 tu, msizitegemee kwa chakula. Lakini kama ni mbegu ya nyumbani mliyoachiwa na mama wazee, na hamjui pa kupata nyingine, pandeni zote kwenye kona moja. Michache itakayotokea msiichume hata jani. Iacheni mpaka mbegu zikomae na kukauka shinani.

Mbegu hizo mpya zikaushwe sawasawa, maana hapa kando ya msitu hewa ina unyevu, na unyevu pamoja na joto ndivyo vinavyoziua. Zitieni kwenye chupa kavu yenye kifuniko, na juu yake muandike mwaka.