SOMO: KUJIFUNZA KIARABU CHA JUBA KWA MASIKIO



Safari hii naweka kando habari za mikataba na malimbikizo ya mishahara, nizungumze habari ya lugha. Nina sababu, na sababu yenyewe ilinipata mwenyewe.

Mwaka 2013, kabla vita vya Desemba havijaanza Sudan Kusini, nilikuwa dereva, nikipakia saruji Tororo kupeleka Juba. Barabara ya kutoka Nimule hadi Juba, kilomita 192, ilikuwa imekamilika kutiwa lami mwaka uliotangulia, nasi tukaiona raha. Kwenye kizuizi kimoja askari kijana akanijia dirishani akaniuliza: "Ita gi ruwa wen?" Mimi masikio yangu yalishika neno moja tu, "ita". Nikadhani ananiamuru nimwite mtu, pengine tajiri wangu. Nikaingiza mkono mfukoni upesi nitoe simu nipige. Bunduki ikaja puani pangu. Taniboi wangu alikwisha kulala sakafuni mwa kabini. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini, aliyewahi kuishi kambini Kakuma, akapiga kelele kwa Kiswahili: "Toa mkono pole pole! Anauliza unakwenda wapi!"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kwa Kiarabu cha Juba "ita" ni "wewe". Askari aliuliza swali ambalo hata mtoto angelijibu, nami nusura nife kwa neno la silabi mbili.

Tangu hapo nimewasikia wenzetu wengi wakisema: "Bwana, mimi nimeishia darasa la nane, lugha ya kigeni nitaiweza wapi?" Mimi pia niliishia darasa la nane, ndugu. Lakini nani kati yetu hapa mpakani alijifunza lugha zake darasani? Msamia wa Busia anasema Kisamia nyumbani, Ateso akienda kwa majirani Amukura, Kidhopadhola kidogo akifika Tororo, Luganda akiuza Kampala, na Kiswahili kila mahali. Zote ameziokota kwa sikio. Hata neno "boda boda" lilizaliwa hapa kwetu, vijana wa baiskeli wakiita abiria wa kuvuka kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine. Walilisikia neno la Kiingereza, wakaligeuza likae vizuri mdomoni, na leo linatamkwa mpaka Dar es Salaam.

Kujifunza kwa sauti, basi, ni kazi tunayoijua. Lililopungua ni utaratibu.

Watu wameutafuta utaratibu huo muda mrefu. Tangu mwaka 1901 kampuni ya Linguaphone ya London ilianza kuuza masomo ya lugha ya kusikiliza, siku za mitungi ya nta, kabla ya sahani za santuri na kaseti. Lakini aliyenisaidia zaidi mimi ni Mmarekani mmoja, mwalimu Paul Pimsleur, aliyefariki mwaka 1976. Yeye mwaka 1967 aliandika jambo ambalo kila mtu mwenye kusahau anapaswa kulijua. Alisema neno jipya husahaulika haraka sana mara ya kwanza. Ukikumbushwa kabla halijapotea kabisa, safari ya pili linakaa muda mrefu zaidi, na ya tatu zaidi tena. Kwa hiyo akapanga vipindi: likumbushwe baada ya sekunde 5, kisha sekunde 25, kisha dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, mpaka miaka 2. Tazama mwenyewe: kila kipindi ni karibu mara tano ya kilichotangulia.

Nilipouona mpango huo nilicheka, maana umefanana na safari yetu. Unajifunza neno ukiwa umeegesha Tororo. Unalirudia mara nne kabla hujawasha injini. Saa moja baadaye, ukikaribia Mbale au umeshaipita, unalisema tena. Saa tano, uko kati ya Soroti na Lira, unalisema tena. Kesho yake uko foleni Elegu, unalisema. Siku ya tano pengine umeshashusha mzigo Juba, na siku ya ishirini na tano umepakia tena. Barabara yenyewe inakushikia kalenda.

Jambo la pili katika masomo ya namna hii ni kwamba sauti inauliza, halafu inanyamaza. Ule ukimya ndio somo. Ni wako, ujibu kwa sauti kabla mwalimu hajajibu. Anayesikiliza tu kama anavyosikiliza taarabu, miezi sita itapita na hatasema neno. Nimemwona mwenzetu mmoja aliyeweka masomo usiku kucha akilala, ati yataingia yenyewe. Hayakuingia kitu ila usingizi.

La tatu, sentensi ndefu hufunzwa kutoka mkiani. Chukua lile swali langu la kizuizini. Kwanza sema "wen", yaani wapi. Kisha "ruwa wen". Kisha "gi ruwa wen". Mwisho "Ita gi ruwa wen?" Ukianzia mbele ulimi hukwama katikati, ukianzia nyuma kila mara unakwenda mahali ulipokwisha kupazoea.

Sasa tahadhari kuhusu kununua. Mwanachama mmoja alinunua masomo ya Kiarabu kwenye memori kadi sokoni, akayasikiliza miezi miwili kwa bidii. Alipofika Juba akaomba maji kama alivyofundishwa, "uridu maa", wakamtazama kama shehe aliyepotea njia. Kile kilikuwa Kiarabu cha vitabuni. Juba wanasema "ana aju moya". Kiarabu cha Juba kina mwendo wake, kilikua katika kambi za askari na biashara za karne ya 19, watu wa makabila mengi wakitafuta lugha ya kusikilizana, kama Kiswahili kilivyokuwa kwenye reli yetu. Kina ndugu yake hapa hapa nyumbani: Kinubi cha Bombo na Kibera, lugha ya wazao wa wale askari wa Emin Pasha ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 akawaleta Uganda. Hivyo ukikutana na Mnubi usimpite. Si lugha moja kabisa, lakini atakufungulia mlango.

Na wewe msemaji wa Kiswahili una akiba usiyoijua. Hesabu kidogo nami. Sita wao husema sita. Saba, saba. Tisa, tisa. Ishirini ni ishirin, thelathini ni talatin, hamsini ni kamsin, mia ni miya, elfu ni alf. Kinachobaki kujifunza ni moja hadi tano, ambazo ni wahid, tinen, talata, arba, kamsa; nane ni tamanya, na kumi ni ashara. Kwa dereva anayetajiwa ada mara kumi kwa siku, hesabu ni nusu ya lugha. Sabuni, sukari, dawa, safari, jeshi, hayo yote utayatambua yakitamkwa.

Lakini mali hiyo hiyo ina mitego. "Ana" kwetu ni yeye ana kitu. Kwao "ana" ni "mimi". "Moya" wazee wa Lamu husema wakimaanisha moja. Juba ni maji. Na "ita" nimekwisha kusema ilivyotaka kunifanya. Maneno ya namna hii yarekodiwe kwanza na yarudiwe kuliko mengine yote, kwa sababu neno usilolijua kabisa hukufanya uulize, bali neno unalodhani unalijua hukufanya utende.

Je, tupate wapi masomo? Tuyatengeneze wenyewe. Simu yoyote yenye kurekodi inatosha. Mtafute Msudani Kusini anayeijua lugha tangu utotoni, mfanyabiashara au mwanafunzi, wako wengi upande wa Uganda. Kaa naye mahali pasipo na injini wala redio. Wewe unasema kwa Kiswahili, "Mimi ni dereva", mnanyamaza mpaka hesabu ya tano, yeye anasema "Ana sawag", mnanyamaza tena, anasema mara ya pili. Maneno yasizidi kumi kwa somo moja, na somo lisizidi nusu saa. Katika somo la pili rudisheni ya kwanza. Wengi wetu tuna tamaa, tunataka maneno mia siku moja, halafu hatubaki na hata matano.

Anayewapa sauti yake alipwe. Nalisema hili kama mtu wa chama. Nimesikia watu wakisema "anisaidie tu, ni rafiki". Aliyekaa saa mbili akisema maneno yale yale amefanya kazi, na kazi ina ujira wake. Mwombeni pia ruhusa kabla ya kugawa sauti yake kwa wengine.

Kwa kuanzia, haya ndiyo niliyoyaweka katika somo langu la kwanza. "Ana gi ruwa Juba", nakwenda Juba. "Ana ma arifu", sijui. "Shweya shweya", pole pole, ukitaka mtu apunguze kasi ya maneno. "Bi kam?" ni bei gani. "Fi" ni ipo, "ma fi" ni hakuna, kwa hayo mawili peke yake unaweza kununua chakula, "moya fi?" na kadhalika. "Waraga" ni karatasi, nayo utaulizwa sana. "Ana ayan", mimi mgonjwa. Hilo la mwisho wengi huliacha, mpaka malaria inawapata Nimule.

Kuhusu usalama barabarani: usivae visikilizi masikioni ukiendesha. Weka sauti kwenye redio ya gari, na ukiingia mjini au kwenye mteremko zima. Afadhali taniboi awe mwalimu, yeye aulize na wewe ujibu, naye atajifunza bila kutambua. Mahali pazuri kuliko pote ni foleni. Mwaka 2020, wakati wa vipimo vya korona, malori yalijipanga Malaba kilomita nyingi, watu wakalala siku kadhaa kabinini. Siku zile ndizo nilizorekodi masomo yangu ya kwanza na mwenzangu aliyekuwa amekulia Juba, lori lake likiwa nyuma ya langu. Tuliipoteza mishahara ya safari, lakini maneno niliyoyapata ninayo hadi leo.

Masomo ya sauti yana upungufu wake, nisiwafiche. Hayakufundishi kusoma, na fomu za forodha Nimule ni za Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha rasmi ya Sudan Kusini. Tena unazoea sauti ya mtu mmoja. Ukikutana na mwingine anayeongea puani au aliyelewa, unapotea. Kwa hiyo rekodini watu wawili au watatu, mwanamke na mwanamume, kijana na mzee.

Na kuna jambo linanikera. Nilisikia tajiri mmoja akisema kwamba madereva wanapata taabu njia ya Juba kwa kuwa hawajui lugha. Aprili 2021 madereva wa Kenya na Uganda waliposimamisha malori Elegu baada ya wenzao kuuawa, walikuwa wakidai ulinzi barabarani. Wale waliouawa, baadhi yao lugha waliijua vizuri. Risasi haiulizi sarufi. Lugha itakuondolea lile kosa langu la mfukoni, itakupunguzia bei ya kudanganywa, itakupatia maji na daktari. Ulinzi, bima na fidia ya familia vitadaiwa vile vile, na mwenye lori akitaka dereva wake ajifunze lugha ya kazi, basi saa za kujifunza zihesabiwe kuwa saa za kazi. Jambo hilo nitalipeleka mkutano wa tawi, nanyi mje mlisemee.

Kwa wenzetu wa upande wa Tororo wanaoona Kiswahili chenyewe ni cha kigeni, utaratibu ni ule ule. Serikali ya Uganda iliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini mtu mzima aliye kazini hawezi kungoja darasa. Mtafute dereva wa Mombasa foleni, yeye hachoki kuongea, ila msimamishe kila baada ya maneno kumi.

Masomo yangu manne ya kwanza yako ofisini. Njoo na simu yako, tutakuhamishia bila malipo, kwa kuwa waliotoa sauti wamekwisha kulipwa. Yeyote mwenye la tano alilolitengeneza mwenyewe alilete. Tunalihitaji sana linalohusu gereji, maana jina la spana kwa Kiarabu cha Juba bado najibu kwa vidole.