Barafu Franconia Ridge

Swali: Naishi New Hampshire, Marekani. Nataka kuzunguka safu ya milima ya Franconia Ridge mwanzoni mwa Desemba. Njia ikoje?

Jibu: Mzunguko huo ni kama kilomita 14. Chini unaweza kukuta matope na majani makavu, ukadhani baridi bado. Usidanganyike: chini ya majani hayo mara nyingi miamba imeshika barafu nyembamba isiyoonekana. Vaa meno ya chuma juu ya viatu kabla hujaanza kuteleza.

Panda kwa njia ya Falling Waters, ushuke kwa njia ya Old Bridle Path. Falling Waters ni kali na huvuka vijito. Kuishuka ikiwa na barafu ni hatari zaidi. Juu, kutoka kilele cha Little Haystack hadi cha Lafayette, hakuna mti wa kukukinga na upepo. Kibanda cha wapandaji cha Greenleaf nacho hufungwa majira hayo.

Vaa sufu, maana pamba ikilowa jasho haikauki upesi. Anza alfajiri na ubebe tochi ya kichwani. Jua huzama kabla ya saa 10:30 jioni. Upepo ukikuyumbisha pale Little Haystack, rudi. Tafadhali, usione aibu kurudi.