Mtu Mmoja wa Ganshoren: Uchaguzi Wake Unafika Wapi?

Kijitabu cha elimu kwa wasemaji wa Kiswahili wa Ganshoren na manispaa jirani

Swali hili humjia mtu akiwa ameshika mfuko mweupe, wa bluu, wa njano na wa chungwa, akitafuta upi utoke leo jioni: hivi nikitenga maganda ya ndizi, dunia itapoa? Jibu fupi ni hapana. Kila mwaka dunia hutoa takriban tani bilioni 37 za hewa ya ukaa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mkazi wa Ubelgiji, kwa wastani, anachangia tani saba au nane hivi. Hata ukiacha zote, ukakaa gizani bila moto wala basi, hakuna chombo kitakachoiona tofauti hiyo angani.

Methali ya haba na haba tumeikuta kwa wazee wetu na ina heshima yake, lakini kibaba hiki kina tundu chini: unachoweka wewe kwa kijiko, kiwanda kimoja kinakimwaga kwa pipa. Kwa hiyo hatutakuambia kwamba kila kitu kidogo kina uzito sawa. Baadhi ya mambo unayohimizwa kufanya ni ya adabu ya ujirani tu. Mengine ni makubwa kuliko unavyodhani, na machache yanaanza na mtu mmoja kisha yanabadilisha sheria ya nchi nzima.

Kwanza, lawama iwekwe mahali pake

Mwaka 2004 kampuni ya mafuta ya BP iliweka kwenye mtandao kikokotoo cha kumsaidia mtu wa kawaida kupima uchafu anaotoa hewani, na ikalitangaza wazo hilo kwa nguvu. Wazo lenyewe lina maana, ila fikiria nani alilisambaza. Muuza mafuta anakuuliza wewe mnunuzi umechafua kiasi gani.

Na sisi tuliotoka Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura au Mombasa tuna hesabu nyingine ya kukumbuka. Mkongo aliyeko Kongo hutoa, kwa wastani, chini ya sehemu moja ya kumi ya tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta na makaa. Mama aliyekuja hapa juzi, anayepanda basi, anayepika maharagwe na sombe, asiye na gari, asihubiriwe kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu hali ya hewa. Zaidi ya nusu ya kaya za Brussels hazina gari. Nyingi zimelikosa kwa sababu ya pesa kuliko kwa sababu ya imani, na hewa haiulizi sababu.

Safari ya ndege ya kwenda Kinshasa na kurudi hutoa zaidi ya tani moja kwa abiria mmoja, na hilo ni kubwa. Lakini anayekwenda kumzika mzazi baada ya miaka mitano hafanani na anayeruka kila mwezi kwenda kustarehe wikendi. Tunasema hivyo waziwazi kwa sababu vijitabu vingi huwaweka kapu moja.

Moto wa nyumba

Ganshoren ni ndogo, kilomita za mraba mbili na nusu hivi, na ina wakazi wapatao 25,000. Wengi wetu tuko kwenye majengo marefu ya miaka ya 1950 hadi 1970, kama yale ya Avenue Van Overbeke. Katika mkoa wa Brussels, majengo ndiyo yanayotoa zaidi ya nusu ya hewa chafu inayozalishwa humu humu mkoani, na chanzo kikuu ni gesi ya kupasha nyumba joto. Ukitaka kujua mkono wako unafika wapi, usianzie kwenye maganda ya ndizi. Anzia kwenye dirisha na bomba la joto.

Kushusha joto la nyumba kwa nyuzi moja huokoa karibu asilimia 6 au 7 ya matumizi ya kupasha joto. Funga bomba la joto kwanza, fungua dirisha wazi kabisa kwa dakika chache, kisha ulifunge. Usiache kufungua kwa kuogopa bili: nyumba isiyopumua huota ukungu ukutani, na mtoto mwenye pumu ndiye anayelipa.

Hapo ndipo nguvu ya mpangaji huishia, maana yeye hachagui mtambo wa gesi ulioko chini wala vioo vya madirisha. Watu wengi husimama hapo na kusema basi. Wasichojua ni kwamba sheria imewaachia mlango. Katika jengo la wamiliki wengi, msimamizi wa jengo, yaani sindiki, anapaswa kuwajulisha wakazi wote tarehe ya mkutano mkuu wa wamiliki. Mpangaji hapigi kura, lakini ana haki ya kupeleka maswali na maoni yake kwa maandishi kuhusu sehemu za pamoja: paa, ngazi, mtambo wa joto. Tangu Januari 2019, kazi za ujenzi kwenye sehemu hizo huhitaji theluthi mbili ya kura, si robo tatu kama zamani. Maana yake jengo linaloshindwa kukubaliana kuhusu paa lenye kuzuia baridi huenda limepungukiwa na kura chache tu. Barua ya mpangaji mmoja, inayoeleza kwa adabu kwamba ghorofa ya juu inaganda na kwamba bili imepanda, inaweza kumfikia mwenye nyumba anayeishi Knokke ambaye hajakanyaga jengo lake tangu alinunue. Barua tatu za namna hiyo ni ngumu zaidi kupuuzwa.

Omba pia cheti cha nishati cha nyumba, kinachoitwa PEB kwa Kifaransa na EPB kwa Kiholanzi. Kina herufi kuanzia A hadi G. Cheti hiki ni zaidi ya karatasi: kuanzia Oktoba 2022, kwa mwaka mzima, mwenye nyumba ya daraja la F au G mkoani Brussels hakuruhusiwa kupandisha kodi kufuata gharama za maisha, na wa daraja la E aliruhusiwa nusu tu. Baada ya hapo, mikataba ya zamani ya nyumba za madaraja hayo iliendelea kuwa na punguzo katika hesabu ya kupandisha kodi. Kama umepandishiwa kodi bila kuonyeshwa cheti, uliza kabla ya kulipa.

Mifuko ya rangi, kwa ufupi

Tangu tarehe 15 Mei 2023, kutenga mabaki ya chakula ni lazima mkoani Brussels. Yanayoingia mfuko wa chungwa hugeuzwa kuwa gesi na mbolea. Yanayoingia mfuko mweupe huchomwa kwenye tanuri la Neder-Over-Heembeek. Tenga kwa sababu ni sheria na kwa sababu chakula ni maji mengi, na kuchoma maji ni kazi ya kijinga. Usitarajie kuiokoa dunia kwa hilo.

Simu iliyo mfukoni

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu kuliko Wabelgiji wengi. Karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, hasa upande wa Kolwezi na Likasi. Koltani, inayotoa tantalamu ya vifaa vya elektroniki, inatoka kwa wingi Rubaya, wilaya ya Masisi, eneo ambalo waasi wa M23 walilishika mwaka 2024 na kuanza kutoza ushuru. Kuna msomaji wa kijitabu hiki mwenye ndugu huko huko.

Mzungu mwema akisikia habari hizi husema: basi, mimi sinunui tena kitu chenye madini ya Kongo. Anasema kwa moyo safi. Lakini jambo hilo limeshajaribiwa. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani na kama yanafadhili makundi yenye silaha. Septemba mwaka huo huo rais wa Kongo wakati huo, Joseph Kabila, akasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011. Wanunuzi wengi waliona ni rahisi kununua kwingine kuliko kuchunguza. Waliopoteza kwanza ni wachimbaji wa mikono, wachukuzi wa magunia, na mama wauza fufu pembeni mwa migodi. Makundi yenye silaha yaligeukia dhahabu, ambayo hufichwa mfukoni na kuvuka mpaka.

Kwa hiyo, kususia nchi nzima ni uchaguzi unaoumiza watu uliotaka kuwasaidia. Kuna njia mbili zenye faida zaidi. Ya kwanza ni kukaa na simu yako. Sehemu kubwa ya uchafu wa hewa unaotokana na simu hutolewa wakati wa kuitengeneza, kabla hujaiwasha, hivyo simu iliyotumika miaka mitano badala ya miwili inapunguza uchafu na uchimbaji pamoja. Mafundi wa Matonge, kule Ixelles, hubadilisha betri na kioo kwa bei ya kupatana. Zipo pia karakana za kujitolea ziitwazo Repair Café, wazo lililoanzia Amsterdam mwaka 2009 na sasa limeenea Brussels yote: unaleta kilichoharibika, mnakitengeneza pamoja. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria inayowapa wanunuzi haki zaidi ya kutengenezewa vifaa, na nchi wanachama zilipewa hadi 31 Julai 2026 kuitekeleza.

Njia ya pili ni kudai sheria yenye meno. Tangu Januari 2021, kanuni ya Umoja wa Ulaya inawalazimu waagizaji wakubwa wa bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu kuchunguza chanzo cha madini yao. Kobalti haimo katika kanuni hiyo. Imeingizwa baadaye, katika kanuni ya betri ya mwaka 2023. Bunge la Ulaya, linalopitisha mambo haya, hukutana Brussels pia, safari ya metro tu kutoka Simonis. Wabunge wanaotoka Ubelgiji wana anwani na wasaidizi wanaosoma barua. Barua ya mtu anayeijua Masisi kwa macho yake ina uzito ambao ripoti ya kurasa mia haina.

Nguo

Tangu 1 Januari 2025, nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo kuukuu mbali na takataka nyingine. Sehemu ya nguo zinazotolewa Ulaya huishia kwenye marobota ya mitumba, katika masoko kama Gikomba, Nairobi. Nchi za Afrika Mashariki ziliazimia mwaka 2016 kuiondoa mitumba hiyo hatua kwa hatua. Marekani ikaja juu, na Rwanda, iliyoshikilia msimamo, iliondolewa mwaka 2018 katika unafuu wa kuuza mavazi Marekani bila ushuru. Wewe weka kwenye sanduku la nguo kile ambacho ungempa shemeji yako bila aibu. Shati lililolowa mafuta libaki Ubelgiji, kwenye mfuko mweupe. Lisisafirishwe likawe takataka ya mtu wa Nairobi.

Mmoja anapoanza

James Wakibia ni mpiga picha wa Nakuru, Kenya. Alikuwa akipita karibu na jalala la Gioto, akachoka kuona mifuko ya plastiki ikipeperuka, akaanza kupiga picha, kuandika magazetini na kuhamasisha watu mitandaoni. Serikali ilikuwa imejaribu kuibana mifuko hiyo mwaka 2007 na 2011, ikashindwa. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ilianza kazi, na adhabu inafika shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne. Hatusemi Wakibia alifanya peke yake. Wizara, wanaharakati na wengine walikuwepo. Lakini angekataa tu mfuko dukani, Nakuru ingebaki vilevile. Alichofanya ni kuwafanya wengine waone aliyoyaona.

Hapa Ubelgiji, mwaka 2014, watu 11 waliungana kuishtaki nchi kwa kuzembea juu ya hali ya hewa. Kesi ikafunguliwa 2015, na zaidi ya watu 58,000 wakajiandikisha kuwa walalamikaji pamoja nao. Tarehe 30 Novemba 2023 mahakama ya rufaa ya Brussels iliiamuru serikali kuu, Flanders na mkoa wa Brussels kupunguza hewa chafu kwa angalau asilimia 55 ifikapo 2030, ikilinganishwa na 1990. Mlalamikaji wa kawaida aliweka jina lake tu.

Manispaa yetu nayo ina mambo ya kuamua: njia ipi ifungwe kwa magari asubuhi mbele ya shule, miti ipandwe wapi. Kinamasi cha Ganshoren, chenye matete na maji ya kijito cha Molenbeek, kipo hadi leo kwa sababu kinalindwa kama hifadhi, chini ya mpango wa Ulaya wa Natura 2000. Hakuna mkazi ambaye angeweza kukilinda kwa kutotupa chupa. Lakini wakazi wanaruhusiwa kupeleka hoja mbele ya baraza la manispaa hadharani, wakitimiza masharti ya saini. Uliza masharti hayo kwenye ofisi ya manispaa.

Na kuna kura. Mwenye pasipoti ya Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya au Tanzania, akiwa ameishi Ubelgiji kihalali miaka mitano mfululizo, anaweza kupiga kura ya manispaa baada ya kujiandikisha na kutia saini tamko la kuheshimu katiba. Hapigi kura ya mkoa wala ya bunge la taifa. Aliyekwisha kupata uraia wa Ubelgiji yumo tayari kwenye orodha. Uchaguzi uliopita ulikuwa 13 Oktoba 2024, na mwisho wa kujiandikisha ulikuwa 31 Julai mwaka huo. Unaofuata ni Oktoba 2030. Ukishajiandikisha, kupiga kura ni wajibu kama kwa Mbelgiji mwingine. Fomu iko manispaa, na huhitaji kungoja mwaka wa uchaguzi kuiomba.