Shamba Dogo la Ng'ombe wa Maziwa

Korogwe ya Zamani iko katika bonde la mto Pangani, chini ya milima ya Usambara, katika nchi yenye joto, mahindi na mkonge. Kutoka huko hata Tanga mjini ni mwendo wa kilomita 100 hivi. Baadhi ya watu wa Korogwe na Handeni ni wafugaji. Wengine wana makundi ya ng'ombe wa kienyeji, watembeao kutafuta malisho. Wengine wana ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, wakaao bandani na kuletewa majani. Somo hili lahusu mfugaji wa namna ya pili, maana kazi yake si kufuga tu, bali ni biashara, na biashara ina sheria zake.

Huenda mtu akasema, "Ng'ombe ni wangu, ua ni wangu, maziwa ni yangu, serikali ina haja gani nami?" Maneno hayo yafaa siku za amani tu. Siku ya ugomvi mfugaji huulizwa maswali matatu: Ardhi hii ni ya nani? Mnyama huyu ni wa nani? Maziwa haya yauzwa na nani? Asiyeweza kujibu kwa maandishi aweza kupoteza mali yake, hata kama haki ni yake.

Kwanza, ardhi. Katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mtu hupewa haki ya kuitumia. Mambo hayo yameelezwa katika Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999. Kijijini, halmashauri ya kijiji huweza kumpa mwanakijiji hati ya hakimiliki ya kimila. Mjini, mfugaji humwendea afisa ardhi wa halmashauri ya mji, tena huuliza sheria ndogo za kufuga karibu na nyumba za watu. Kwani samadi isiyotunzwa huleta nzi na harufu mbaya, na jirani ana haki ya kushtaki. Mtu akijenga banda la matofali juu ya kiwanja alichoazimwa kwa mdomo tu, kisha mwenye kiwanja akafa, warithi waweza kumwambia abomoe. Atamleta shahidi gani?

Pili, mnyama. Mtamba hununuliwa mbele ya mashahidi, na huandikwa hati yenye jina la muuzaji, rangi na alama za mnyama, bei na tarehe. Pasipo hati hiyo, mnunuzi wa ng'ombe wa wizi huonekana kuwa mwizi mwenyewe. Sheria ya mwaka 2010 yataka mifugo itambuliwe kwa alama na kuandikishwa. Tena, kwa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, mifugo ihamishwayo husafiri kwa kibali. Sababu yake ni hii: kupe huchukua ndigana kali, na ugonjwa wa miguu na midomo huenea upesi, mnyama mmoja aliyepitishwa usiku kwa siri aweza kuwaambukiza ng'ombe wa kijiji kizima. Kibali si adha, bali ni kinga.

Tatu, biashara. Mfugaji akitaka kuuza kwa jina lisilo lake mwenyewe, hana budi kuliandikisha kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, uitwao BRELA. Lakini ajue kwamba kuandikisha jina hakumtengi na deni: biashara ikidaiwa, yeye mwenyewe hudaiwa. Kampuni ni jambo jingine, maana sheria huihesabu kuwa mtu mbali na wenye hisa zake. Kisha mfugaji hupata namba ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato, na humwuliza afisa biashara ni leseni gani impasayo. Iko pia Bodi ya Maziwa, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2004 ili kusimamia kazi ya maziwa. Nayo huandikisha watu wa kazi hiyo.

Baada ya hayo mfugaji hukumbuka kwamba maziwa hayangoji mtu. Katika joto la Korogwe maziwa ya asubuhi huweza kuharibika kabla ya jioni, kwa hiyo sharti yapozwe upesi. Mtu mmoja hawezi kununua mtambo wa kupozea kwa lita chache. Watu wengi pamoja waweza. Ndivyo walivyofanya wafugaji wa Mkoa wa Tanga. Tangu miaka ya 1980, mpango uliosaidiwa na Uholanzi uliwapa wafugaji wadogo mitamba kwa mkopo, nao wakalipa si kwa fedha, bali kwa kurudisha mitamba, ili wenzao wapate. Katika miaka ya 1990 vyama vyao vikaungana kuwa chama kikuu, na kiwanda cha Tanga Fresh kikaanza kazi. Mkopo wa namna hiyo wawezaje kuendelea, ikiwa hapana daftari la kuonyesha nani alipokea na nani amerudisha?

Hata nyumbani daftari lahitajika. Ng'ombe akitoa lita 8 kwa siku, ndama akapewa 2 na watoto wa nyumbani 1, zimebaki 5 za kuuza. Katika fedha ya lita hizo 5 hutoka pumba, dawa ya kupe, ada ya daktari wa mifugo na kodi. Tena ng'ombe huchukua mimba miezi 9, na kabla ya kuzaa huachwa kukamuliwa kwa miezi 2 hivi. Asiyeweka akiba hukwama miezi hiyo. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI
1. Taja maswali matatu aulizwayo mfugaji siku ya ugomvi.
2. Kwa nini haifai kuhamisha mifugo bila kibali?
3. Jina la biashara na kampuni vyatofautianaje katika deni?
4. Ng'ombe akitoa lita 8 kwa siku, na 5 zikauzwa, mfugaji atauza lita ngapi kwa siku 30?