Hizo Pesa za Kando Anamficha Nani?

Haya, sogeeni karibu tuongee, na aliyebeba bahasha ndani ya koti asiipeleke popote mpaka nimalize.

Barua mnazoniandikia siku hizi zinafanana mpaka nadhani ni mtu mmoja anayebadilisha mwandiko. Mwalimu wa Nalondo, muuza vitunguu wa Chwele, kijana wa bodaboda aliyejinyima mpaka akapata ploti Mukuyuni, dada wa Kitale anayetafuta nyumba upande wa Milimani: kilio ni kimoja. Nyumba umeiona, umeipenda, bei mmevutana mpaka mkaelewana. Halafu jioni moja kabla ya kwenda kwa wakili, muuzaji anakuvuta kando na kushusha sauti: "Kwenye karatasi tuandike kidogo tu. Hiyo nyingine utaniletea mkononi." Na wewe, kwa kuwa moyo umeshahamia, mapazia umeshayachagua na mparachichi unajua utaupanda kona gani, unasema sawa.

Sikucheki, mdogo wangu. Mtu aliyekuzidi umri, mwenye nyumba unayoitamani, anakuomba jambo kwa upole, tena anakuhakikishia kwamba kila mtu hufanya hivyo. Kukataa kunaonekana utovu wa adabu. Na hofu ya kuikosa nyumba nayo si mchezo, hasa ukiwa umezungushwa na madalali miezi na miezi ukionyeshwa mabanda. Wengi wenye akili zao timamu wamenasa papo hapo. Lakini kabla hujafungua pochi, jiulize swali moja tu, na usilale mpaka ulipatie jibu: hizi pesa anamficha nani?

Maana pesa isiyo na kasoro haihitaji kunong'onezwa. Akitaka ipite gizani, yuko mtu ambaye hatakiwi kuiona. Mara nyingi ni KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Mara nyingine ni mkewe, au ndugu zake, au dalali anayemdai asilimia yake. Ukishamjua anayefichwa, umemjua na atakayekuja kukubishia mlango baadaye.

Tuanze na KRA, maana ndiyo inayosingiziwa zaidi. Mtu akiuza nyumba au ardhi kwa faida hutozwa kodi ya faida ya mtaji. Ilirudishwa Januari 2015 ikiwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Kodi hiyo ni ya muuzaji. Narudia, ni ya muuzaji, wewe humo. Sasa sheria inamsamehe mtu binafsi anayehamisha ardhi ambayo thamani yake haizidi shilingi milioni 3, na hapo ndipo ujanja unapozaliwa. Nyumba mmeelewana 4,500,000. Yeye anataka mkataba useme 2,800,000, na ile 1,700,000 uje nayo kwa keshi. M-Pesa hataki, kwanza kwa sababu haipitishi zaidi ya 250,000 kwa mara moja, na pili, ambayo ndiyo kubwa, kwa sababu M-Pesa haisahau. Ili umezee, anakutupia chambo: "Hata wewe utaokoa ushuru wa stempu."

Shika kalamu. Ushuru wa stempu ni wako kweli, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Asilimia 4 ya 1,700,000 ni 68,000. Hicho ndicho chako chote katika mpango mzima, na hata hicho huna hakika nacho, kwa sababu thamani hukadiriwa na mthamini wa serikali. Akikuta nyumba ya vyumba vitatu mjini Kitale imeandikwa bei ya banda, ataandika yake. Haya, geuza ukurasa. Siku utakapouza, tuseme kwa 5,000,000, karatasi zako zitasema ulinunua kwa 2,800,000. KRA itaona faida ya 2,200,000, na wewe unajua fika kwamba umepata laki 5 tu. Kama nyumba hiyo haikuwa makao yako kwa miaka 3 mfululizo kabla ya kuiuza, ambayo nayo husamehewa, utalipa 330,000 badala ya 75,000. Hiyo 255,000 iliyozidi ni kodi ya zile pesa za bahasha. Alizila yeye, kodi umelipa wewe.

Na kuna jambo linalonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Wauzaji wengi wa huku kwetu Kabuchai hawadaiwi kodi hiyo kabisa. Ardhi ya kilimo isiyofika ekari 50, ikiwa nje ya manispaa na miji iliyotangazwa, imesamehewa. Mzee wa Luuya anauza nusu ekari ya shamba, anakulilia kwamba KRA itammaliza, na KRA haina habari naye. Basi kama si KRA, anamficha nani?

Hapo ndipo tunapoingia nyumbani kwake, na ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi.

Shamba la huku halihamishwi bila ridhaa ya bodi ya ardhi, ile ambayo kikao chake husimamiwa na naibu kamishna wa kaunti. Ni sheria ya tangu 1967. Wazee wa bodi huuliza: mama yuko wapi? Watoto wakubwa wana habari? Mmeuziana kwa ngapi? Mzee anajua kwamba siku hiyo mkewe atasikia bei kwa masikio yake mwenyewe. Kwa hiyo shamba la 1,300,000 linaandikwa laki 9. Mama ameketi kwenye benchi, leso mabegani, anasikia laki 9, anakubali shingo upande kwa sababu ameahidiwa kwamba humo itatoka karo ya shule na mabati ya nyumba. Anachovya kidole gumba kwenye wino. Laki 4 zilizobaki zimeshapita mlango wa nyuma, na pengine zimeshafika Webuye kwa mke mdogo.

Wewe unadhani siri hiyo itakaa? Kabuchai hii? Dalali atasema akilewa. Kijana wa boda aliyekubeba na bahasha atasema bila hata kulewa. Na mama akishajua, hasira zake hazitaishia kwa mumewe. Wewe ndiye uliyeketi naye kwenye ile benchi, ukamtazama usoni, ukanyamaza. Anaweza kwenda ofisi ya ardhi Bungoma kuweka zuio, aseme ridhaa yake ilipatikana kwa hila, na kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 iko upande wake. Na hata asiende popote, umeshahamia, na jirani yako ni yeye. Kisima ni kimoja. Mkifiwa atakuja au hatakuja, na kutokuja kwake kijiji kizima kitakuona. Ng'ombe wako akivuka mpaka, wa kwanza kumwona ni yeye. Nawajua watu walioshika hatimiliki mkononi na usingizi ukawatoroka, wakaishia kuuza kwa hasara na kuhamia Kitale wasikojulikana.

Ndugu nao ni hivyo hivyo, tena wakali zaidi ikiwa shamba bado lina jina la marehemu babu. Hapo hata msimamizi wa mirathi haruhusiwi kuuza ardhi kabla mahakama haijathibitisha mgao. Anayekwambia umpe yeye kando "awatulize wengine" hatawatuliza. Ondoka hapo upesi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui kama walikuwa na bodi ya ardhi, ila walijua walichokuwa wakikisema. Sheria yetu inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote na ushuhudiwe. Ombi la ridhaa linatakiwa lifike kwa bodi ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Likichelewa, au bodi ikakataa, mauziano ni batili, na unaruhusiwa kudai pesa zako kama deni. Pesa zipi? Za kwenye karatasi. Zile laki 4 utazidai vipi? Usimame mbele ya jaji useme, "Nilimpa kando ili serikali isijue bei"? Umejishtaki mwenyewe, mpenzi. Ni kweli Mahakama ya Rufani, katika maamuzi ya 2014 na 2018, iliwaokoa wanunuzi waliokuwa hawana ridhaa ya bodi, waliokuwa wamelipa na kukaa kwenye ardhi kisha mwenyewe akataka kuwageuka. Lakini huruma ya namna hiyo huombwa na mwenye mikono safi, na yako tayari ina wino wa bei ya uongo.

Mwalimu wangu wa Nalondo, wewe unayetegemea mkopo wa sacco, kwako ni kubaya zaidi. Sacco itautazama mkataba. Ukisema laki 9, itafikiria laki 9. Laki 4 za bahasha utazitoa kwa kuuza ng'ombe na kukopa chama, na chama hakina subira ya sacco.

Kuna na wajanja wa kubadilisha jina la bahasha. "Hizi laki 3 ni za mahindi yaliyo shambani." Shamba lenyewe robo ekari! Hata ikipandwa kitaalamu na mvua ikanyesha kwa mpango, haifiki magunia 10, na sijawahi kuona gunia la mahindi la 30,000. Kama kweli kuna tangi la maji, paneli za sola, au migomba inayoachwa, ni haki yake kulipwa. Viandikwe kimoja kimoja kwenye mkataba kwa bei inayoeleweka. Chai na soda za wazee walioshuhudia sizizungumzii. Hiyo ni heshima yetu na haijavunja nyumba ya mtu. Ila "chai" ikifika laki, si chai tena, na liguru wako, mzee wa kijiji, analijua hilo hata akinyamaza.

Sasa utamkatalia vipi mtu mzima bila kumvunjia heshima? Usibishane naye njiani. Kaa chini, umwambie: "Baba, bei yako sijaipunguza hata shilingi. Zote nitakulipa, ila zitapita kwa wakili na zitaandikwa zote." Kisha nyamaza. Wadogo zangu mnaharibu kwa kuongeza maneno. Mkishaanza kuomba msamaha anajua mmelegea. Kama anachoogopa kweli ni kodi, wakili amkalie na kalamu: gharama aliyonunulia na alichotumia kuendeleza nyumba hutolewa kwanza ndipo faida ikahesabiwa, na wengi huogopa kodi ambayo hawajawahi kuipigia hesabu. Akiona bado inamwelemea, na azungumze bei waziwazi, mkubaliane au mwachane. Na wakili awe wako, usikubali nyote wawili mtumie wa kwake eti kupunguza gharama. Malipo ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, yakae kwa wakili mpaka mambo yakamilike.

Atakwambia yuko mwingine anakuja kesho na keshi. Mwache. Najua itakuuma. Utapita pale barabarani uone pazia la mtu mwingine, na utanikasirikia mimi. Nikasirikie tu, nimezoea.

Na wewe uliyeniandikia usiku, uliyekwisha kutoa, futa machozi kwanza. Hujawa mjinga, ulikuwa na hamu ya kwako. Usifute ujumbe wowote wa simu, wala usimtumie vitisho. Nenda kwa wakili wako ukamwambie yote, pamoja na lile unaloona haya kulisema, kwa sababu hawezi kufunga shimo asilolijua. Kama hati bado haijahamishwa, mnaweza kuandika nyongeza ya mkataba yenye bei ya kweli, mzee atie sahihi kwamba alipokea, na mashahidi waone. Kama imeshahamishwa, muulize wakili namna ya kurekebisha thamani iliyotangazwa na kulipa ushuru uliopungua kabla hujaulizwa na wenyewe. Na kama bodi bado haijakaa, basi una bahati: nenda kwa mzee leo hii hii, mama akiwepo sebuleni, kabla hizo laki 4 hazijaisha.