SOMO LA TAWI: FEDHA ZA SHULE NA MALIPO YASIYO YA TASLIMU



Somo la leo linawahusu hasa wenzetu wanaofanya kazi katika ofisi za shule: waweka hazina, makarani, na walimu wanaobebeshwa kazi ya kupokea ada juu ya kazi yao ya kufundisha. Linawahusu wazazi pia, na karibu sote ni wazazi. Tumelileta kwa sababu fedha za shule zikipungua, wa kwanza kuulizwa ni karani, hata kama hakuzigusa.

Tuanze na jambo lililotokea hapa Uganda. Mwaka 1996 ulifanywa uchunguzi katika shule za msingi 250 kufuatilia ruzuku ambayo Serikali ilitoa kwa kila mtoto, mbali na mishahara ya walimu. Wachunguzi hawakutosheka na vitabu vya makao makuu. Walikwenda shuleni wakafungua madaftari ya huko. Wakakuta kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha hizo. Yaani katika kila shilingi 100 zilizotolewa, shilingi 13 ndizo zilizofika. Shule nyingi hazikupata kitu. Zilizopata zaidi zilikuwa zile kubwa, na zile ambazo wazazi wake walikuwa na uwezo. Maskini hakujua hata kwamba ana haki ya kudai.

Dawa iliyotumika haikuwa ya gharama. Serikali ilianza kuchapisha katika magazeti kiasi cha fedha kilichopelekwa kila wilaya, kisha ikaagiza matangazo kama hayo yabandikwe shuleni ambapo kila mzazi angeweza kuyasoma. Ilipofika mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa ikifika. Wataalamu wengine wamekumbusha, na ni haki yao, kwamba magazeti hayakufanya kazi peke yake, kwani miaka hiyo ilikuwa na mabadiliko mengi, pamoja na mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza mwaka 1997. Lakini hakuna aliyesema kwamba ile karatasi ya ukutani ilidhuru mtu.

Sasa tuje kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na huduma ya namna hiyo ikaingia Uganda mwaka 2009. Leo shule nyingi hupokea ada kwa simu au benki, na faida yake ni wazi: mtoto habebi fedha njiani, karani halali na sanduku chini ya kitanda, na kila malipo yana saa na tarehe. Hata hivyo tusidanganyike. Simu huonyesha fedha zimeingia wapi. Haionyeshi kwamba hapo zilipoingia ndipo palipostahili.

Mwenzetu mmoja alikuwa mweka hazina wa shule ambayo hatutaitaja. Muhula ulipoanza, mkuu wa shule aliwatangazia wazazi watume ada kwa namba yake mwenyewe ya simu, “kwa muda tu.” Wazazi wakatuma. Yeye akawa anamletea mweka hazina karatasi yenye majina, na huyu akakata stakabadhi kwa kuamini karatasi hiyo. Mwisho wa muhula stakabadhi zilizidi fedha za benki. Sahihi zilizokuwa kwenye stakabadhi ni za nani? Mwenzetu alisimamishwa kazi. Tawi lilipotaka taarifa ya namba ile ya simu, lilijibiwa kwamba ni mali ya mtu binafsi. Miezi minne ilipita kabla hajarudishwa kazini, na mshahara wa miezi hiyo bado tunaudai.

Kwa hiyo mfanyakazi asikate stakabadhi ya fedha ambazo hajaziona zimeingia katika akaunti ya shule. Akiamriwa, na aombe amri hiyo kwa maandishi, kwa adabu, na nakala aiweke nyumbani. Ujumbe wa simu unaoletwa na mzazi si stakabadhi. Ni dalili ya kwenda kutazama taarifa ya benki. Kila mwanafunzi awe na namba yake ya malipo, kwa maana mara nyingi laini ya mama imeandikishwa kwa jina la mjomba, na fedha huingia zikiwa hazijulikani ni za mtoto gani. Fedha za namna hiyo ziandikwe ukurasa wa peke yake mpaka mwenyewe apatikane. Anayepokea asiwe yeye anayeidhinisha matumizi, na kila mwisho wa mwezi daftari lilinganishwe na taarifa ya benki mbele ya mjumbe wa kamati.

Katika michango ya ujenzi, kosa kubwa ni kuhesabu ahadi kama fedha. Mgeni wa heshima akitangaza mabati 100 na watu wakapiga makofi, katika daftari bado ni sifuri. Ahadi ziwe na orodha yake, na saruji au mabati yakifika yaandikwe katika daftari la vifaa.

Lipo pia suala la makato. Mwaka 2018 Uganda ilitoza ushuru wa asilimia 1 kwa fedha za simu. Watu wakalalamika, na mwaka huohuo ukapunguzwa kuwa nusu asilimia kwa anayetoa fedha. Kwa 300,000 hiyo ni shilingi 1,500, mbali na ada ya kampuni. Kenya, mwaka 2024, Wizara ya Elimu iliagiza karo zilipwe kupitia eCitizen, pamoja na shilingi 50 za huduma. Mwezi wa Aprili 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba agizo hilo limekiuka katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa.

Kwa mazungumzo ya tawi: Katika shule yako, nani anayeshika laini ya simu inayopokea ada, na imeandikishwa kwa jina la nani? Makato hulipwa na mzazi au na shule, na ni kikao gani kilichoamua hivyo? Mara ya mwisho hesabu kubandikwa ukutani ilikuwa lini? Majibu yaletwe kwa katibu wa tawi kabla ya muhula kufunguliwa.