Hewa ya Banda la Kuku: Mfanyakazi Naye Anahitaji Kupumua

Baridi ya Juni hadi Agosti inapoingia Kiambu, wafugaji wengi huziba madirisha ya mabanda kwa magunia na karatasi za nailoni ili kunusuru vifaranga. Joto hubaki ndani, lakini hewa chafu nayo hukosa pa kutokea. Anayeivuta kutwa nzima ni mfanyakazi.

Kinyesi cha kuku kikilowa, bakteria hukivunjavunja na kutoa gesi ya amonia, ile harufu inayochoma macho mlango unapofunguliwa alfajiri. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kiwango chake kisizidi sehemu 25 katika kila milioni moja ya hewa, kwa wastani wa siku ya kazi. Tatizo ni kwamba pua huizoea. Mfanyakazi akisema hasikii harufu tena, huo si ushahidi kuwa banda ni safi. Afadhali aulizwe mtu aliyetoka nje sasa hivi.

Vumbi la manyoya, chakula na kinyesi kikavu huleta kikohozi na kubanwa kifua, na wenye pumu huzidiwa. Wengi hudhani ni mafua tu, wakanunua dawa dukani na kurudi kazini.

Hatari kubwa zaidi ni jiko la makaa la kupashia vifaranga joto. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Kijana wa kazi asilale humo hata usiku mmoja. Akiumwa kichwa, akishikwa na kizunguzungu au kichefuchefu, atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali.

Mfugaji aache nafasi wazi juu ya ukuta, chini ya mabati, kwa kuwa hewa yenye joto hupanda na kubeba amonia. Vyombo vya maji vinavyovuja virekebishwe, na maranda yaliyolowa yatolewe siku hiyo hiyo. Barakoa ya N95 huzuia vumbi, si gesi. Ya kitambaa haitoshi kwa lolote kati ya hayo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Shamba lenye kibarua mmoja pia ni mahali pa kazi. Kwa ushauri kuhusu ujenzi wa banda, mfugaji amwone afisa wa mifugo wa wadi yake kabla ya kuagiza vifaranga.